Upande wa Kiume wa Kanali

Kwa ninyi nyote mnaonisimamisha kwenye bomba la maji, sokoni, hata kanisani wakati wa kupeana amani, mkiniuliza, "Kabeya, ni kweli ulibeba mama mukwe ku mugongo mbele ya batu?": ni kweli. Nilimbeba. Sasa kaeni niwaandikie mambo yalivyokwenda, maana habari inayozunguka mtaani kwetu Musonoi, hapa Kolwezi, imekwisha kuingizwa mamba, na mamba hakuwepo.

Mnanijua. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu iko barazani kwangu, hatua tisa kutoka kitandani. Safari yangu ndefu kabla ya hii ilikuwa kwenda Likasi kwa kilio, na nilirudi kesho yake nikilalamika kwamba maji ya kule yana ladha nyingine. Mke wangu Ngoie husema nikihamisha kiti kutoka barazani kwenda ukumbini, ni lazima niwaage majirani.

Lakini Ngoie alikuwa amejifungua juzi tu. Mama yake, mjane, alikuwa anakwenda Kabalo kukaa kwa mwanawe wa kwanza, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumpeleka. Basi mkwe ndiye akaambiwa afunge mzigo.

Hapa wenzangu mliooa kwa watu wasio na bukwe, ile heshima kali ya ukwe, mnisikilize vizuri. Kwa mama mkwe wangu, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Simtazami usoni. Sili mbele yake, wala yeye hali mbele yangu. Jina lake silitamki. Na hatusemi moja kwa moja: tunapitisha maneno kwa mtu wa tatu. Nyumbani mtu wa tatu ni Ngoie. Njiani tulikuwa na nani? Tulikuwa na kuku mmoja mwekundu ndani ya kikapu, zawadi ya watu wa Kabalo.

Na jambo lenyewe lililotutoa nyumbani kwa moyo wa hofu lilikuwa hili. Mama alizaliwa kwenye kijiji kilicho kando ya kanali, yaani mfereji, ya ziwa la Kisale, pale meli inapopenya katikati ya mafunjo, njia nyembamba kama kichochoro. Alitoka pale akiwa bibi arusi wa mfanyakazi wa migodi, akamwacha mdogo wake, Numbi, msichana wa kuchezea matope. Tangu siku ile hawajaonana. Meli haisimami pale, inapita tu. Mama miguu yake haiwezi tena kukunjwa ndani ya mtumbwi, na macho yake yameanza kufunga ukungu. Wauza samaki walipeleka ujumbe: Numbi asimame ukingoni, meli itakapopita. Kuonana kwao kungekuwa kwa kile kipande cha kanali tu, na kwa mara moja.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa ndogo sana: kumkalisha mama upande unaofaa wa meli. Mtu aliyesoma sekondari anashindwaje na hilo?

Kutoka Kolwezi hadi Tenke

Ndani ya treni mama alikaa dirishani, mimi nikakaa benchi la nyuma yake, nikimtazama kilemba. Tulipovuka mto aliinamia kikapu.

"Kuku," akasema, "ambia ule tata: Numbi atasimama ku kiume."

Tata, yaani bwana, ni mimi. Niliwaza. Ku kiume. Upande wa wanaume. Nikainama na mimi kutoka nyuma, nikaongea na mkia wa kuku.

"Kuku, ambia mama: ku kiume kwa namna gani?"

Akanyoosha kilemba chake, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Kuku, ambia ye: ku kiume. Kiume njo kiume."

Mkwe hamuulizi mama mkwe mara tatu. Basi nikamaliza shughuli mwenyewe kwa akili yangu ya darasani. Vijiji vya mtoni, nikajiambia, vina mahali pa wanaume kuogea na mahali pa wanawake, na havikaribiani. Numbi ni mjane, mtu mzima, anaweza kusimama popote. Atasimama kwenye maogeo ya wanaume, labda pako wazi zaidi. Inabaki kujua tu wanaume wa kile kijiji wanaogea ng'ambo ipi. Nilijisikia mwerevu mpaka Tenke.

Tenke

Tenke tulishuka kungoja treni ya kutoka Lubumbashi iendayo Bukama. Treni hiyo ilikuwa ifike saa sita mchana. Saa sita ilifika peke yake. Mwenye kofia pale stesheni alituambia "inakuya", na kesho yake saa kama ile alisema tena "inakuya", kwa sauti ile ile, wala hakuonekana kuona haya.

Mama hakulalamikia baridi wala benchi. Alichouliza, kupitia kuku, kilikuwa kimoja: meli itatungoja? Nilimwambia kuku kwamba meli nayo imezoea mambo ya treni.

Tulinunua viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, na mwanamke mmoja akatuuzia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwenye sahani mbili. Tukala kama inavyopaswa: mama akitazama reli za kwenda Kolwezi, mimi nikitazama reli za kwenda Likasi, mgongo kwa mgongo, kikapu katikati.

Mzee mmoja wa kofia nyeupe alikuwa anatutazama. Alikuwa Tata Ramazani, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa Kasongo, anarudi kwao kwa treni hiyo hiyo na meli hiyo hiyo. Akaja akasimama mbele yangu, akaniita "sitwayee", yaani mwananchi.

"Sitwayee, hauna haya? Mama mzima wa namna hii, unamugeuzia mugongo na unakula?"

"Tata, ni mukwe wangu."

"Hata kama ni mukwe! Mulizozana juu ya nini?"

"Hatukuzozana."

Akamzunguka mama. "Mama, samehe mutoto. Batoto ba leo kichwa yabo iko ngumu."

Mama akajifunika mdomo kwa kitenge. "Kuku," akasema, "ambia tata wa kofia tuko muzuri sana."

Ramazani akamtazama kuku, akanitazama mimi, akaketi taratibu kama mtu anayeketi karibu na wagonjwa. Ilinichukua nusu saa kumweleza bukwe na safari ya kumwona Numbi. Alipoelewa alicheka mpaka kofia ikadondoka, akasema kwao mkwe anasalimia, anakula na kuomba nyongeza. Kuanzia hapo akajifanya mtu wa tatu wetu. Lakini mama alimkataa kwa heshima: maneno ya nyumbani hayapitishwi kwa mgeni. Tukabaki na kuku.

Treni ilikuja jioni ya siku ya pili.

Bukama

Meli ilikuwa imetungoja. Afadhali niseme haikuwa tayari kuondoka, lakini nilimwacha mama aamini kwamba ilitungoja.

Pale gatini nikaanza uchunguzi wangu wa upande bora. Nimeshona suti za watu wakubwa, najua kupima kabla ya kukata. Mwanamke mwenye magunia ya chumvi aliniambia kaa kushoto, jua halikuchomi. Ramazani akasema kaa kulia, moshi unakwenda kushoto. Mchukuzi mmoja akasema kaa karibu na jiko. Kila mtu alikuwa na upande wake, na kila mmoja alikuwa anafikiria ngozi yake au tumbo lake, hakuna aliyefikiria ukingo.

Nikamtafuta mpima maji. Huyo ndiye anayesimama mbele ya meli na mti mrefu wenye mistari, anauchovya, anapiga kelele kina cha maji ili nahodha asipande juu ya mchanga. Niliona huyu ndiye ajuaye kingo zote.

"Ndugu," nikamwambia, "kule ndani ya kanali, kijiji cha mafunjo, banaume banaogea ku upande gani?"

Akaniangalia juu mpaka chini.

"Weye unataka kuoga?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Unauliza juu ya banaume tu?"

"Ni jambo ya mama mukwe wangu."

Sura yake ikazidi kuharibika. Lakini akanyoosha mti wake kushoto. "Banaume kule. Bamama ku ingine."

Nikamshukuru sana. Upande wa kulia wa meli, isitoshe, walikuwa wamefunga barji, lile jahazi bapa lisilo na mashini, limejaa magunia, mbuzi na watu, hivyo aliye kulia asingeona ila mbuzi. Kila kitu kilikubaliana na mimi. Nikamtandikia mama mkeka upande wa kushoto, kwenye reli kabisa, nafasi ambayo nililala juu yake usiku mzima nisinyang'anywe. Asubuhi akakaa. Nikamwambia kuku kwamba hapa ndipo.

Mama akapapasa reli ya chuma kwa viganja vyote viwili, akatabasamu kwenye maji. Nami nikarudi nyuma yake na kujipongeza.

Mtoni

Siku ile sitaisahau, ingawa nilikuwa nimeapa kutopenda kitu chochote kilicho nje ya Kolwezi. Maji mapana, yametulia, viboko wanatoa masikio. Tulinunua samaki wa kukaanga kutoka kwenye mitumbwi iliyojishikiza ubavuni mwa meli, nikala nyuma ya pipa la mafuta, mama akala mbele, kila mtu na adabu yake.

Mama alikuwa amevaa kitenge ambacho nilimshonea mwenyewe, kupitia vipimo alivyoniletea Ngoie kwenye karatasi. Sijawahi kumpima mtu huyu kwa mkono. Kila baada ya muda alikuwa anajinyoosha blauzi mabegani. Kisha akasema:

"Kuku, ambia ye: mi nilimuacha Numbi na deni ya hasira. Alilia, nikamupiga kofi ili aache. Bato, ule mutumbwi ya arusi, ikatoka."

Nikasema, "Kuku, ambia mama kesho atamuona." Na nilipokwisha kusema hivyo niliona nimekwisha kuahidi.

Kanali

Unaijua kanali kabla ya kuiona. Upepo unakatika. Mafunjo yanakuja pande zote mbili, marefu kuliko nyumba, mpaka unaweza kuyashika kwa mkono, na mashini inapunguza sauti kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Nahodha akapiga honi mara mbili.

Ramazani alikuja na kikombe cha chai. "Sasa je, sitwayee, muko tayari? Kijiji kinafika."

"Tuko tayari. Nilimuweka ku kiume."

"Wapi?"

"Hapa."

Akatazama mbele ya meli, akatazama mkono wake, akatazama mama.

"Kabeya. Hapa ni kushoto."

"Ndiyo. Banaume banaoga huku."

"Nani anasema mambo ya kuoga? Mukono wa kiume njo huu!" Akainua mkono wa kulia, chai ikamwagika. "Kiume ni kulia, kike ni kushoto. Hakukufundisha mutu?"

Ndugu zangu. Baba yangu alikuwa Mkasai, na kwa lugha yake pia mkono wa kulia ni mkono wa wanaume. Nililijua neno hilo kabla sijajua kutembea. Nikapelekwa shule, nikafundishwa "gauche" na "droite", kushoto na kulia vya Kifaransa, kwa fimbo, na neno la baba likalala. Mama alikuwa amesema jambo lililo wazi kabisa, mara mbili, na mimi nikaenda kuuliza watu mahali pa kuogea.

Honi ikalia tena. Mbele, juu ya mafunjo, niliona moshi wa majiko.

Nikachutama kando ya kikapu. "Kuku, ambia mama mi nilikosa. Numbi iko upande ingine. Ku kiume. Tupite ku barji sasa hivi."

Mama alishika reli, akajaribu kusimama. Magoti yalikuwa yamekunjwa tangu jana, yakakataa. Akajaribu tena. Kati yetu na ukingo wa kulia kulikuwa na upana wa meli, watu wamelala, ubao wa kuvukia, halafu barji yote na mbuzi wake.

"Kuku," akasema polepole, "ambia ye aache. Inatosha. Nitasikia sauti."

Hapo nilifanya lile mnaloniulizia. Niliwaza hivi, na bado naona ni hoja nzuri: mgongo wa mkwe ndio upande pekee ambao mama mkwe anaruhusiwa kuuona. Tumekula mgongo kwa mgongo, tumesafiri mgongo mbele ya uso. Basi nikamgeuzia mgongo, nikachutama chini kabisa, nikamwambia kuku:

"Ambia mama apande."

Nilisikia mashini, nilisikia mpima maji akipiga kelele za kina. Kisha mikono miwili ikashika mabega yangu, myepesi kama mtu anayejaribu koti, na uzito ukaja.

Yeye si mzito. Mimi ndiye dhaifu, fundi wa kukaa. Niliinuka nimepinda kama sindano mbovu, sioni kitu ila miguu ya watu. Ramazani akatangulia, "Njia! Njia! Mugonjwa!" Mwanamke mmoja akajibu, "Mugonjwa wapi! Ule ni mama ya bibi yake, anamubeba! Oooh, leo tutaona!" Vigelegele vikapigwa. Mtu akanipigia makofi kama kwenye mpira. Kwenye ubao nilifumba macho, nikavuka kwa kuhesabu mbao kwa vidole vya miguu. Mbuzi akanipiga teke. Kiatu kimoja kilibaki kwenye barji na huenda kiko Kongolo sasa, mbele ya Kabalo.

Tulipofika ukingoni mwa barji mama akaanza kuita, juu ya kichwa changu, kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Numbi ee! Numbi! Numbi!"

Na kutoka kwenye mafunjo, karibu kabisa, sauti nyingine iliyozeeka ikajibu, ikimwita dada mkubwa:

"Yaya! Niko hapa! Siku ine niko hapa, mbu banashiba!"

Mama akanyoosha shingo. Nikahisi kidevu chake kwenye utosi wangu, kinageuka huku, kinageuka kule. Hakuona. Mwanga wa maji na ukungu wa macho vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Akaniinamia sikioni. Kuku alikuwa amebaki upande wa pili.

"Mwana," akasema, "unaona nini?"

Mimi nilikuwa nimepinda. Sikuona uso wa mtu. "Naona miguu, Mama."

"Miguu namna gani?"

"Amesimama na moja. Ile ingine anakwaruza nayo ya kwanza, sawa ndege."

Mwili wake wote ukatikisika mgongoni mwangu. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Njo yeye! Tangu mutoto! Nguo?"

"Kitenge mupya, Mama. Hakijafuliwa hata mara moja, kinasimama chenyewe. Cha bluu. Kimeloa mpaka magoti."

"Aliingia ndani ya maji?"

"Ameingia."

"Yaya!" Numbi akaita, na ile miguu ikaanza kutembea ndani ya maji, sambamba na sisi, ikivunja mafunjo. "Unakuwa murefu!"

"Niko yulu ya mukwe!"

"Ya nani?"

"Ya mukwe wangu! Ananibeba!"

"Wee! Hauna haya?"

"Haya ilibaki ku kushoto!"

Kijiji kizima kikacheka, nikasikia watoto wakirudia maneno hayo. Kisha mama akainua sauti tena, haikuwa ya kucheka. "Numbi, ule kofi. Unakumbuka?"

"Kofi gani?"

"Ya siku ya bato."

"Yaya, ulinipiga makofi mingi! Nitakumbuka gani?"

Ile miguu ikafika mahali pa kina, ikasimama. Meli haikusimama. Numbi alikuwa bado anasema, akitaja majina ya watoto wake, mmoja baada ya mwingine, kwa haraka, kama mtu anayetupia vitu ndani ya gari linaloondoka, na mama alikuwa anayarudia kila moja ili lisianguke. Alirudia saba. La nane honi ililichukua.

Nilikaa pale nimepinda mpaka mafunjo yakafunga. Hakuna aliyeniambia nimshushe, na mimi sikuuliza.

Kabalo

Siku zilizobaki tulirudi kwenye adabu yetu, yeye mbele, mimi nyuma, na kuku akapewa kazi yake tena. Mambo aliyotumwa yalikuwa yale yale kila asubuhi: aniambie nieleze tena ile miguu. Nilieleza. Kitenge cha bluu. Maji mpaka magoti. Sikuongeza uso, kwa sababu uso sikuuona, ingawa ningeweza kuushona.

Kabalo shemeji, yule mwanawe wa kwanza, alitupokea vizuri. Nilioneshwa maji ya kuoga, nikapewa viatu, nikawekewa chakula uani, peke yangu, mgongo wangu umeelekea nyumba, kama mkwe anavyowekewa. Wao walikula ndani, dirisha wazi.

Nikamsikia shemeji akiuliza, "Sasa, mama, ulimuona Numbi?"

"Nilimuona," mama akasema.

"Na macho yako?"

"Nilimuona muzuri sana. Alisimama na muguu moja, ingine anakwaruza, sawa ndege. Kitenge mupya, ya bluu, hakijafuliwa. Akaingia mu maji mpaka magoti kwa ajili yangu."

"Na uso? Anazeeka?"

Nikaacha kutafuna.

"Uso," mama akasema, "ni ule ule."